Deni la Gari Lililolala

Maneno ya Kamati ya Uchukuzi mbele ya Wanachama, katika Sikukuu ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Sisi wa Kamati ya Uchukuzi tumepewa heshima ya kusema maneno machache katika sikukuu hii. Wenzetu waliotutangulia wameeleza habari za bei ya korosho, za maghala na za miche mipya. Sisi twaomba ruhusa tueleze jambo lisilopendeza sana masikioni siku ya karamu, nalo ni habari ya madeni ya wenye magari madogo. Pasipo magari hayo hapana gunia litokalo kijijini kwenda ghalani, na wenyewe si matajiri; wengi wao ni wakulima kama sisi, waliouza korosho za misimu kadha wa kadha ili wanunue pikapu kuukuu.

Chama chetu kilipoanza, kila gari katika Tanzania lilidaiwa ada ya leseni kila mwaka. Ada hiyo ilipimwa kwa ukubwa wa injini. Gari la sentimita za ujazo 501 hadi 1,500 lilitozwa shilingi 150,000. Lililozidi hapo hadi 2,500 lilitozwa shilingi 200,000. Na lililopita kipimo hicho, shilingi 250,000. Ada haikuuliza gari limetembea kiasi gani. Pikapu iliyobeba magunia toka Oktoba hadi Januari, kisha ikalala chini ya mwembe ikingoja giaboksi, ilidaiwa sawasawa na ile iliyokwenda mjini kila siku ya Mungu. Mwenyewe asipolipa, faini ilipanda juu ya ada, na kabla hajapumua mwaka mwingine uliingia na ada yake.

Tuliyaona hayo kwa macho yetu. Katika msimu mmoja wa mwanzo tulihitaji vyombo vya kutoa magunia vijijini kabla ya mnada, tukapita nyumba kwa nyumba kuomba. Tukamkuta mzee mmoja ana gari zuri, matairi mazima, betri imechajiwa. Tukamwamkia, tukamwuliza gari linaumwa nini. Akacheka, akasema, "Wanangu, haliumwi. Laogopa barabara." Alikuwa anadaiwa ada ya miaka mitatu. Kulitia gari barabarani ni kukamatwa. Kuliacha ni kuongeza deni. Na kuliuza nako hakukuwa rahisi, kwa sababu mnunuzi naye aliliogopa deni lile. Wengine waliuza kwa maneno matupu, kadi ikabaki na jina la mwenyewe wa kwanza, hata deni likamfuata mtu ambaye gari hana tena. Wengine walibeba mizigo usiku, na twaamini madereva wa siku zile walizijua njia za porini kuliko wawindaji. Magunia yetu yalibaki vijijini, na baadhi ya wakulima, kwa dhiki ya ada za shule, wakauza kwa walanguzi wa kangomba.

Nafuu ilikuja mwaka 2017. Tarehe 8 Juni mwaka huo, Waziri wa Fedha na Mipango, Dakta Philip Mpango, alisoma Bajeti Bungeni Dodoma, na sisi tulikuwa tumekizunguka kisanduku cha redio ofisini. Ada ya leseni ya kila mwaka ikafutwa, na madeni ya nyuma yakasamehewa. Mahali pake, ada ikawa ya mara moja tu gari linapoandikishwa mara ya kwanza, nayo ikapandishwa kuwa shilingi 200,000, 250,000 na 300,000 kwa vipimo vilevile vya injini. Fedha nyingine ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa nyongeza ya ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita. Wenzetu wa Kenya walikwisha kufuata njia ya namna hiyo tangu mwaka 2006.

Tafadhali tufuatane katika hesabu. Mwenye pikapu aliyekuwa akidaiwa shilingi 200,000 kwa mwaka, ilimpasa kuchoma lita 5,000 ndipo ile nyongeza ya shilingi 40 ifikie ada yake ya zamani. Mtu atumiaye lita 10 kwa siku, kwa siku 100 za msimu wa korosho, huchoma lita 1,000, na nyongeza yake ni shilingi 40,000. Gari likilala, ushuru nao umelala. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Msamaha peke yake ungalikuwa pumziko tu. Baada ya miaka mitatu mzee wetu angalirudi palepale chini ya mwembe wake. Kilichomwokoa ni kule kubadilishwa kwa njia ya kukusanya, akawa analipa kidogo kidogo siku anayopata.

Walakini hatutaki kuwapaka mafuta. Mzigo ule haukutupwa baharini, uligawanywa. Mafuta ya taa nayo yaliongezewa shilingi 40 zile zile, ili wachuuzi wasishawishike kuyachanganya na dizeli. Basi mama asiyejua hata kufungua mlango wa gari alichangia kwa taa yake. Mkulima alichangia kwa petroli ya mashine ya kupulizia salfa mikorosho. Na sote tulichangia kwa dizeli ya mashine ya kusaga. Ni kidogo kwa kila mtu, lakini ni haki kukitaja.

Na kuna wengine waliobaki na donge. Hao ndio waliolipa. Mwanachama mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wanne ili alipe ada ya gari lake katika miezi ya mwisho kabla ya kufutwa. Jirani yake hakulipa kitu kwa miaka, akasamehewa yote. Yule mwuza mbuzi alikuja ofisini kwetu akauliza, "Je, mimi nilikosa nini?" Hatukuwa na jibu, na hata leo hatunalo. Serikali haikuweza kurudisha fedha za nchi nzima. Chama kidogo kama chetu huenda kikaweza zaidi.

Twasema hivyo, Bwana Mwenyekiti, kwa kuwa sisi wenyewe tunayo ada ya namna ile ile. Kila mwanachama mwenye chombo hudaiwa na Chama ada ya mwaka ili aandikwe katika daftari ya wachukuzi, chombo kifanye kazi kisifanye. Wapo ambao magari yao yamelala misimu miwili, deni lapanda, nao wamekoma kuhudhuria mikutano kwa kuona haya. Wengine wamekaa nje ya ukumbi huu sasa hivi, chini ya miti, wakisikiliza kwa mbali.

Kamati yapendekeza mambo haya. Madeni yote ya daftari ya wachukuzi yafutwe. Ada ya mwaka iondolewe, na badala yake mchukuzi akatwe shilingi 50 kwa kila gunia afikishalo ghalani. Naye aliyelipa ada yake bila kukosa asikatwe kitu mpaka magunia aliyobeba yatimize fedha alizokwisha kutoa katika misimu miwili iliyopita. Mweka Hazina ametuambia wazi kwamba sanduku litapungua mwaka wa kwanza, na msimu ukiwa mbaya litapungua zaidi. Hatubishani naye. Twaomba tu wajumbe wapime upungufu huo pamoja na magunia yaliyobaki vijijini kwa kukosa gari.

Jambo la mwisho ni dogo. Wale ambao hadi leo wanaendesha magari yenye majina ya watu wengine, na waende kuyahamisha kwa jina lao. Katibu atakuwa mezani baada ya chakula kuwasaidia kujaza karatasi. Pendekezo letu litasomwa kesho saa tatu asubuhi, kabla ya hesabu za mwaka, na twamwomba Bwana Mwenyekiti awaruhusu walioko nje waingie siku hiyo, wakae pamoja nasi.