Kata, Mbuzi na Kifumbu: Msamiati wa Jikoni na Kazi ya Kamusi



Naomba nianze mhadhara huu mahali ambapo sisi watunga kamusi hatuendi mara nyingi, yaani jikoni. Jiko ninalolikusudia limo katika Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili, Lamu: nyumba ya mawe ya karne ya 18 iliyokarabatiwa, iliyojibanza katika vichochoro vya mji mkongwe ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ni makumbusho madogo mno. Mgeni mwenye haraka huyamaliza kabla kahawa yake haijapoa. Hamna taji wala upanga wa mfalme. Kuna vitanda, zidaka za chokaa, birika la maji, na vyombo vya kupikia.

Nilisimama kwanza mbele ya mbuzi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaujua mfano huu: mbuzi huyu amekufa, lakini mbuzi hii imevunjika. Umbo la nomino ni moja, upatanisho wa kisarufi ni tofauti. Tumeutumia mfano huo miaka nenda miaka rudi kufundishia ngeli, na nina hakika kwamba baadhi ya waliousoma kwangu hawajapata kuikalia mbuzi hata siku moja. (Nilipoikalia mimi, utotoni, nilikuna vidole zaidi ya nazi.)

Karibu na mbuzi palikuwa na kata. Twasema, siri ya mtungi aijuaye kata. Niliwahi kuwauliza wanafunzi darasani kata ni nini, na wengi wakanijibu kwamba ni eneo la utawala. Hawakukosea, neno hilo wanalisikia kila siku katika maana hiyo. Lakini methali waliyoikariri tangu shule ya msingi ilikuwa imebaki ganda tupu. Asiyekiona kifuu cha nazi chenye mpini mrefu kikizama ndani ya mtungi hadi chini, mahali ambapo jicho halifiki, hawezi kujua kwa nini siri hiyo amepewa kata na si kikombe.

Kilichonifedhehesha hasa ni kifumbu. Zamani niliwatayarishia wanafunzi wangu orodha ya maneno, nikakifasili kuwa “kikapu kidogo cha kuchujia tui”. Fasili hiyo niliinakili kutoka katika maandishi ya wengine, bila kukitazama chombo chenyewe. Sasa nikaoneshwa kitu kirefu, chembamba, kilichosukwa mfano wa soksi. Nikamwambia mlinzi wa nyumba kwamba mimi nilidhani ni kikapu cha kuchujia.

“Maalim,” akasema, “hiki hakichuji chenyewe. Kinachochuja ni mkono.”

Akakishika ncha mbili, akakisokota kama mtu akamuaye nguo. Nazi haikuwamo, lakini nilielewa. Fasili yangu ilikuwa na nomino tu. Kazi ya mkono haikuwamo.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Makumbusho huhifadhi nomino. Kibandiko ukutani kitakwambia hii ni mbuzi, hiki ni kinu. Vitenzi havitundikwi ukutani: kukuna, kukamua, kusokota, kupepeta. Wala hayatundikwi majina ya vile vitokanavyo na kazi hiyo, kama kasimile, ambalo ni tui zito la kwanza, na chicha, yaani makapi yabakiayo. Mashine ya umeme ikiingia jikoni haiondoi mbuzi peke yake. Huondoka na ukoo mzima wa maneno. Nasi, badala ya kuukimbilia ukoo huo, huridhika na fasili inayoanza kwa “aina ya chombo”. Fasili ya namna hiyo humfaa aliyekwisha kukijua chombo, na huyo ndiye asiyehitaji kamusi.

Simaanishi kwamba kamusi igeuzwe kitabu cha mapishi. Nadai tu kwamba mtafiti wa msamiati wa nyumbani aombe aoneshwe chombo kikitumika, na aandike vitenzi vyake kabla ya kuandika nomino. Gharama yake ni nazi moja na saa moja ya mama mmoja mwenye subira.

Niliporudi nilikiandika upya kidahizo changu: “kifumbu nm vi- [ki-/vi-] mfuko uliosukwa, hutiwa nazi iliyokunwa na maji, kisha husokotwa kwa mikono ili tui litoke na chicha ibaki ndani.” Ni kirefu mno, na mhariri yeyote atakipunguza. Namwomba asikiguse kitenzi.