Koti Juu ya Kiti: Hotuba ya Mweka Hazina wa Heshima katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Naomba radhi ikiwa maneno yangu yatamchoma mtu. Hata mimi yananichoma. Katika taarifa ya mwaka mmesoma kwamba jamaa za wanachama watatu zilicheleweshewa fedha za mazishi. Sababu haikuandikwa, nami naona si haki kuificha. Fedha zilikuwapo, aliyepasa kuandika hati ndiye hakuwapo. Karani wetu alikuwa akitundika koti lake kitini saa mbili asubuhi, kisha akienda sokoni kusimamia stoo yake ya mahindi hadi alasiri. Mjane mmoja alikuja mara nne akaambiwa, "Yu karibu, koti lake si lile pale?" Maiti ya mumewe ikazidi siku tano katika chumba cha maiti, na kila siku ina ada yake.

Koti hilo twalijua sote. Nilitumika serikalini miaka mingi, na langu pia limepata kukaa kitini huku nikihesabu mapato ya matatu yangu. Tulijitetea kwa ripoti ya Tume ya Bwana Duncan Ndegwa ya mwaka 1971, iliyowaruhusu watumishi wa serikali kuwa na biashara zao. Lakini ruhusa ya kuwa na duka si ruhusa ya kuuza dukani saa nne asubuhi, hali saa hiyo imekwisha kulipiwa mshahara. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 77, iliwakataza maofisa wa Taifa wa kazi ya kudumu kushika kazi nyingine ya kipato. Karani wa kawaida hakutajwa humo, sembuse wetu.

Wako wasemao afukuzwe leo. Nami nawauliza: kwa mshahara tunaompa, nani kati yetu angelisha watoto wanne? Hata hivyo mjane hakukosa lolote.

Kamati yaleta maombi mawili: chama kimrudishie mama yule ada ya siku tano, na karani atumike kuanzia saa mbili hadi saa saba kwa mshahara uleule, alasiri iwe yake waziwazi. Najua watakaoguna. Yeye mwenyewe yupo mlangoni, ameomba kusikilizwa kabla ya kura. Bwana Mwenyekiti, naomba aitwe.