Injini Inayozima Ikishapata Moto: Namna ya Kutafuta Chanzo

Injini inayowaka vizuri asubuhi, kisha ikazima ikishapata moto, husumbua fundi kuliko iliyokufa moja kwa moja, maana ikipoa huwaka tena na kila kinachopimwa huonekana kizima. Mlima wa kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu huufichua ugonjwa huu mapema: gari lililosheheni mikungu ya ndizi hupanda kwa gia ndogo, upepo unaopita kwenye rejeta ni haba, na joto hujaa chini ya boneti. Likifika juu na kuachwa kwenye sailensa, linazima.

Kwanza itazamwe kama gari linachemsha. Mshale wa joto ukipanda kupita kiasi, au maji yakipungua, kazi ianzie kwenye rejeta, feni, thamostati na gasketi ya silinda hedi. Kung'oa thamostati na kuitupa si dawa: injini huchelewa kupata joto lake, na kompyuta ya gari huendelea kuizidishia petroli.

Mshale ukiwa mahali pake, swali hubaki moja: kinachokosekana ni cheche au petroli? Jibu hutafutwa palepale gari lilipozimika. Likishavutwa hadi gereji limepoa, na ushahidi umepotea. Kinachofuata ni kubadilisha koili, plagi na pampu kwa kubahatisha, na hiyo ni kumtia mwenye gari hasara bure. Plagi ya akiba ichomekwe kwenye koili, chuma chake kiguse bloku, kisha stata ipigwe.

Cheche zikikosekana kwenye silinda zote, mshukiwa mkuu ni sensa ya kranki. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa. Ukiwa na mkatiko, joto huziachanisha ncha zake na baridi huzikutanisha tena. Kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika Probox nyingi, sensa hiyo ikiwa baridi husoma omu 985 hadi 1,600, na ikiwa na moto haizidi 1,890. Mita isiposoma chochote, sensa imekatika. Asiye na mita aipoze kwa kitambaa kilicholowa maji: injini ikiwaka baada ya dakika chache, huo ni ushahidi mzito kuliko wa mashine ya kupimia, ambayo mara nyingine haikuti kosa lolote lililohifadhiwa.

Cheche zikiwapo, kifunguliwe kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa nguvu na gari likawaka, njia ya kupumulia imeziba. La sivyo, pampu isikilizwe swichi inapofunguliwa. Pampu iliyochakaa hukwama ikipata moto, hasa tangi likikaribia kukauka, kwa kuwa petroli ndiyo inayoipoza. Uchafu wa mafuta ya madumu ukiziba chujio, huizidishia mzigo.

Gari linalozima kwenye sailensa tu, na kuwaka mguu ukikanyaga mafuta, lina kasoro nyingine: masizi kwenye koo la hewa au vali ya sailensa. Plagi zikiwa nyeusi, ipimwe sensa ya joto la maji, ambayo kwenye Toyota nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80.