Jino Lililozibwa na Mwenzake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama)



Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Siku hizi waganga wa meno wana vitu vya kuzibia vilivyo bora kuliko pembe, lakini mithali ile haijachakaa, maana kizibo kizuri kikikaa vibaya hakimfai mwenye kinywa. Leo twataka kueleza jambo moja tu: kazi ya kuziba jino haiishi tundu linapojaa, huisha jino lile linapokutana na mwenzake kwa kadiri iliyo sawa.

Mtu mzima ambaye meno yake yametimia anayo 32. Magego ya juu na ya chini hukutana kama mchi na kinu: ncha ya hili huingia katika bonde la lile. Tena jino halikupigiliwa katika mfupa kama msumari. Limeshikwa na nyuzi laini, nafasi yake yapata milimita 0.2 tu, nazo zina hisi kali. Ndiyo sababu twatambua hata unywele mmoja ulio katikati ya meno. Basi kizibo kikizidi kimo kidogo, jino lile hutangulia mengine kupokea nguvu za taya kila tutafunapo. Huuma, hustushwa na maji baridi, na mwisho kizibo au jino lenyewe laweza kupasuka. Kikipungua mno, jino halitafuni, na mwenzake aweza kuhama mahali pake kwa muda wa miaka.

Mganga hodari hupimaje? Huanza kabla ya dawa ya ganzi. Huyakausha meno, huweka katikati karatasi nyembamba yenye rangi, humwambia mgonjwa aume. Kisha kwa karatasi ya rangi nyingine humwambia asogeze taya kushoto, kulia na mbele. Alama zile ndizo ramani yake. Akiisha kuziba hupima tena, aone kama meno jirani yanagusana kama kwanza. Wengine huongeza ukanda wa madini wenye unene wa mikroni 8, yaani sehemu 8 katika 1,000 za milimita moja: meno yaliyoushika kabla yapaswa kuushika tena. Alama peke yake haitoshi, kwani alama kubwa si lazima iwe ya nguvu kubwa.

Mwaka 1899 Edward Angle wa Marekani alitoa utaratibu wa kuyagawa katika makundi meno yasiyokutana sawasawa, kwa kutazama gego la kwanza. Utaratibu huo wafaa sana kwa wanyoshao meno. Lakini kwa jino moja lililotoboka, hakuna haja ya kukigeuza kinywa kizima kifuate kielelezo cha kitabu. Ikiwa mwenyewe hula bila maumivu, mkutano wa meno aliouzoea na uheshimiwe. Meno yakiwa mengi ya kutengenezwa pamoja, hapo mganga hufanya mifano ya plasta, akaifunga katika chombo kiigacho mwendo wa taya, akapima kabla ya kuchonga.

Sasa ndugu, lililo juu yetu. Kipimo cha mwisho ni neno la mgonjwa. Wengi wetu tukiulizwa, "Wasikiaje?" hujibu kwa adabu, "Vyema, Bwana," tukaondoka, hali mdomo ungali na ganzi. Mficha uchi hazai. Yafaa tukae wima, tuume polepole, tuseme kweli. Ganzi ikitoka, tukiona jino lile latangulia mengine, turudi upesi. Mara nyingi kulisawazisha ni kazi ya dakika chache. Tusilisugue kwa tupa nyumbani, wala tusingoje miezi tukitumaini litapungua lenyewe.

Kumwambia mganga kwamba jino bado laenda juu si utovu wa adabu. Ni kumsaidia kuitimiza kazi yake, na kuliokoa jino ambalo, likisha kung'olewa, halioti tena.