Kumbukumbu Zilizookolewa Hamburg
Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu wa vyama vya msingi



Nimeombwa niseme juu ya utunzaji wa kumbukumbu. Habari za madaftari yaliyoliwa na mchwa mmekwisha kuzisikia mara nyingi, kwa hiyo leo nitawapeleka Ujerumani, katika maabara ya utafiti ya DESY iliyoko mjini Hamburg.

Tangu mwaka 1979 hadi 1986, kundi la wataalamu kutoka Ujerumani, Japani na Uingereza, lililoitwa JADE, lilikusanya huko vipimo vya migongano ya elektroni na positroni katika mtambo wa PETRA. Vipimo vilitiwa katika kanda za sumaku. Kazi ilipokwisha kundi likatawanyika, kila mtu akashika shughuli nyingine, na kanda zikabaki rafuni.

Katika miaka ya 1990 Siegfried Bethke, mmoja wa wataalamu hao, alitaka kuvitumia tena vipimo vile, kwa kuwa nadharia ilikuwa imesonga mbele na ingeweza kuvifafanua vizuri zaidi. Mtambo mwingine wa kuvipata upya haukuwapo. Hapo ndipo taabu ilipoonekana. Programu za kuzisoma kanda zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya kompyuta kubwa za zamani, ambazo zilikuwa zikiondolewa. Tena jalada moja lilikuwa limepotea, nalo ndilo lililosaidia kukadiria migongano ilikuwa mingi kiasi gani kwa kila kipindi cha kazi. Ni sawa na kujua magunia mangapi ya kahawa yalikataliwa, bila kujua yaliyoletwa ghalani yalikuwa mangapi.

Jalada hilo halikupatikana katika kompyuta. Lilipatikana limechapwa katika karatasi, ndani ya makabrasha ya zamani. Karatasi zenyewe hazikufaa kusomwa na mashine, hivyo katibu wa ofisi akakaa chini akazipiga chapa upya tarakimu zote, kazi ya majuma kadhaa. Makosa yake yalikuwa machache mno, nayo yalikamatwa kwa kuhakiki jumla. (Ninyi mliopata kunakili leja nzima mtamstahi mwenzenu huyo kuliko mimi.) Kutokana na kazi hiyo yalichapishwa matokeo mapya juu ya nguvu inayoshikamanisha kiini cha atomu.

Sisemi kila kijikaratasi kitunzwe. Katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, makundi ya chembe hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na sehemu kubwa sana ya vipimo hutupwa papo hapo. Lakini hutupwa kwa kanuni iliyokubaliwa kabla, wala si kwa sababu kabati limejaa au katibu mpya hapendi mwandiko wa aliyemtangulia. Chama kinachochoma stakabadhi bila azimio la kamati kinamwacha mkulima mikono mitupu siku anapodai malipo yake ya pili.

Basi nitakapofika kwenu kukagua, sitaomba kuonyeshwa kabati. Nitamwomba mjumbe mmoja wa kamati, asiye katibu, anifungulie hesabu za msimu uliopita miaka mitano nyuma, anisomee, na anieleze maana ya kila alama ya wino mwekundu iliyomo.