Hisa na Sauti ya Mwananchi



Mmeniomba nitoe maoni yangu kuhusu soko la hisa. Mimi ni wakili, si dalali. Sitamshauri mtu anunue hisa za kampuni yoyote. Nitanena juu ya haki, kwa maana nasadiki kwamba soko lisilo na haki ni kamari tu.

Kununua hisa ni kununua sehemu ya kampuni. Ikistawi, mwenye hisa hupata mgao wa faida. Ikianguka, hasara ni yake pia. Jambo hili si geni Ukambani. Katika mwethya, majirani hulima na kuchimba mitaro pamoja, na kila mmoja humwona aliyefika na jembe na aliyekosa. Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, ni ushirika wa watu wasiojuana. Pale, macho ya jirani hayana budi kuchukuliwa na sheria na hesabu zilizo wazi.

Tutazame mwaka 2008, serikali ilipouza asilimia 25 ya hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Kiwango cha chini cha maombi kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Wananchi walimiminika, wengine kwa mikopo ya benki. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo, na waombaji wakapewa sehemu ndogo tu ya walizoomba. Septemba mwaka huo benki ya Lehman Brothers ilianguka huko New York, masoko ya dunia yakatikisika, na mwanzoni mwa 2009 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyebanwa na deni aliuza kwa hasara. Aliyeweza kungoja aliona bei ikipita shilingi 40 mwaka 2021, kabla ya kuporomoka tena. Ndivyo ilivyo kwa ndengu zetu: mwenye karo ya kulipa huuza siku ya mavuno kwa bei ya mchuuzi, mwenye ghala huchagua siku yake.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2007, kabla ya mauzo hayo, ilifichuka kwamba kampuni iitwayo Mobitelea, iliyosajiliwa katika kisiwa cha Guernsey, ilikuwa na fungu katika Safaricom kupitia Vodafone Kenya. Wenyewe halisi hawakutajwa hadharani. Mwananchi wa kawaida alidaiwa kitambulisho ili apate hisa chache. Mkubwa hakudaiwa hata jina. Huo ndio udhalimu ninaouzungumzia.

Tusiseme haya ni mambo ya matajiri. Mfanyakazi anayekatwa mchango wa NSSF ana fedha zake katika soko hili, apende asipende.

Tumepiga hatua. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari. Kanuni za mwaka 2020 zilizitaka kampuni zimpe Msajili majina ya wamiliki halisi. Hata hivyo, kanuni hizo hazikumfungulia kila mwananchi daftari hilo, na jina lililofungiwa kabatini halimlindi mnyonge.

Kwa hiyo nawasihi: msikope ili kununua hisa. Jazeni ghala kwanza, lipeni karo, imarisheni vyama vyenu vya akiba na mikopo. Kikibaki cha kuwekeza, ulizeni: Mwenye kampuni ni nani? Aliyekagua hesabu ni nani? Nikidhulumiwa, nitamshtaki nani? Mkikosa jibu, zirudisheni fedha zenu mfukoni.

Na mkinunua, kumbukeni kwamba hisa ya kawaida ina kura. Nendeni kwenye mkutano mkuu wa mwaka, msimame, muulize. Tulidai tuwajue wanaotutawala. Sasa na tudai kuwajua wanaotuuzia.