Karatasi Iliyobandikwa Mlangoni

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unapungua taratibu.)

MTANGAZAJI: Ndugu wasikilizaji wa Nyarugusu, Nakivale, Kakuma na popote mlipo, karibuni tena. Wengi wenu mna ndugu waliohamia Marekani miaka iliyopita. Tangu Januari 2025 nchi hiyo imesimamisha kwa sehemu kubwa mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kwa hiyo leo hatuahidi safari, na mtu anayekuuzia nafasi ni tapeli. Tunataka kuzungumza juu ya nyumba wanazoishi ndugu zenu, na kwa nini siku nyingine hawapokei simu. Mama tuliye naye aliishi Nyarugusu miaka 14. Sasa anaishi Lexington, katika jimbo la Kentucky. Mama, karibu.

MAMA: Asante. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, nawasalimu.

Kule kambini nyumba yetu tulijenga wenyewe. Mume wangu alifyatua matofali, mimi na watoto tukachota maji. Mvua ikibomoa ukuta, tulirudishia. Hakuna aliyebisha hodi mwisho wa mwezi kudai kitu. Basi tulipofika Lexington na kukabidhiwa funguo, niliamini tumepewa nyumba. Kumbe tulikuwa tumepangishiwa.

Shirika lililotupokea lilitafuta nyumba, likalipa kodi ya mwanzo na dhamana. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu msaada wa mapokezi ulikuwa wa siku 90, kisha jembe likaja. Mume wangu akapata kazi ya usiku kwenye ghala, mimi nikafua mashuka hotelini.

Siku ya kwanza tulitia sahihi mkataba wa miezi 12. Karatasi zilikuwa nyingi, nami niliona aibu kuuliza. Baadaye ndipo nilijua nilichokubali. Kodi ni tarehe 1, na ukichelewa unatozwa faini. Umeme ni bili nyingine, na miezi ya baridi bili hiyo hupanda sana kwa sababu ya kupasha nyumba joto. Watakaoishi ndani wameandikwa kwa majina, kwa hiyo ndugu akija kukaa miezi, ni lazima mwenye nyumba akubali. Na ukihama kabla mwaka haujaisha, bado unaweza kudaiwa.

Mwezi wa tano, dada yangu alipiga simu kutoka kambini. Mtoto wake alikuwa mgonjwa sana. Ilikuwa tarehe 28. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kodi. Niliituma. Je, ningemwambia nini dada yangu?

Tarehe 1 ikafika, mkono mtupu. Nilinyamaza, nikidhani mwenye nyumba ataelewa, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuchelewa. Wiki iliyofuata nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Nikaiweka kwenye droo pamoja na matangazo ya maduka. Siku tano baadaye mwanangu alikuwa akitafuta kalamu, akaisoma. Akaniambia, "Mama, hapa wanasema tulipe ndani ya siku saba, au mkataba unavunjwa." Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Usiku ule sikulala. Niliwaza, nimekimbia vita, nimekimbia njaa, sasa nitafukuzwa kwa sababu ya karatasi?

Asubuhi nilimpigia mfanyakazi wa shirika, akaniunganisha na mkalimani kwa simu. Wanawake wa kanisani kwetu, Wakongo wenzangu, walichanga. Siku ya saba tulilipa kodi na faini, nikaomba risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu siku hiyo kila risiti naitunza.

Mkalimani alinieleza jambo ambalo sikulijua. Hapa Lexington, hata siku saba zikipita, mwenye nyumba hana ruhusa kubadilisha kitasa au kutupa vitu vyako nje. Lazima aende mahakamani kwanza. Ukiitwa huko, nenda, na uombe mkalimani. Usipofika, hakimu anaweza kuamua bila kukusikia.

Kuna jingine. Sheria ya hapa inamtaka mwenye nyumba akupe orodha ya mabovu yaliyomo kabla hajapokea dhamana yako. Sisi hatukuikagua. Nyumba ya pili tuliikagua chumba kwa chumba: kapeti lenye doa, dirisha lisilofunga, bomba linalovuja. Tulipiga picha kwa simu. Tulipohama, dhamana yetu tulirudishiwa. Kitu kikiharibika, niliandika barua, nikabaki na nakala.

Na mtu akikataa kukupangisha kwa sababu ya nchi uliyotoka, rangi, dini au kwa kuwa una watoto, sheria ya Marekani inamkataza. Sheria hiyo ilianza mwaka 1968, na watoto wakaongezwa mwaka 1988.

Sasa naongea nanyi mliobaki. Mtoto wa dada yangu alipona, namshukuru Mungu. Sijuti kutuma. Ninachojuta ni kunyamaza. Ningemwambia dada, "Nitatuma nusu leo, nusu baada ya tarehe 1." Ningekwenda kwa mwenye nyumba kabla ya siku kufika. Ndugu yako akikuambia subiri, usifikiri amekusahau. Huenda ameshika fedha ambayo si yake, ni ya paa lililo juu ya watoto wake. Muulize, "Kodi umelipa?" Swali hilo dada yangu huniuliza kila mwezi sasa, kabla hajaniambia shida yake. Nami nikilisikia, najua ananipenda.

MTANGAZAJI: Asante sana, mama. Wasikilizaji, jadilini katika vikundi vyenu:

1. Kwa nini mama huyu hakuuliza maana ya mkataba kabla ya kutia sahihi? Wewe ungefanyaje?

2. Ungekuwa wewe una fedha ya kodi mkononi, na simu ya mgonjwa inaita, ungemjibu nini ndugu yako?

3. Ni karatasi gani za familia yako zinazopaswa kutunzwa vizuri tangu leo, hapo hapo kambini?

Hadi wiki ijayo, kaeni salama.

(Muziki wa kufungia kipindi.)